Maswali ya Wasomaji: Mtoto mwenye selimundu akiwa mchangamfu, dawa za nini?

SWALI: Nina binti wa miaka miwili na miezi minne, nasi tunaishi kijiji cha wavuvi kisiwani Ukerewe. Mwaka jana viganja na nyayo zake zilivimba mara mbili, akapelekwa hospitali ya Bugando kule Mwanza na kukutwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Tangu hapo anakunywa penisilini asubuhi na jioni, pamoja na foliki asidi kila siku. Mama mkwe wangu anasema mtoto anayecheza na kumaliza ugali wake kwa dagaa hana haja ya dawa za kila siku, na sasa mume wangu naye anaelekea upande huo. Je, nizisitishe mpaka augue? Na homa ikimshika usiku, wakati kivuko cha kwenda Mwanza ni mpaka asubuhi, nifanyeje?
Mama wa Ukerewe

JIBU: Mama, usizisitishe hata siku moja. Uchangamfu anaouona bibi yake ni wa kweli, ila umetokana kwa sehemu kubwa na dawa hizo hizo anazotaka ziachwe.

Chembe nyekundu za damu huishi kwa kawaida siku zipatazo 120, lakini za binti yako hufa baada ya siku 10 hadi 20 tu, hivyo mwili wake hautulii kutengeneza nyingine, na foliki asidi inahitajika kwa kazi hiyo. Penisilini ina sababu nzito zaidi. Bandama, ambayo huchuja vijidudu katika damu, huharibiwa polepole na chembe zenye umbo la mundu zinazoziba mishipa yake, na uharibifu huo huanza mtoto akiwa bado mchanga, hata kama kwa macho anaonekana mzima kabisa. Penisilini inashika zamu ambayo bandama imeshindwa. Kwa umri wake kipimo cha kawaida ni miligramu 125 mara mbili kwa siku. Akifikisha miaka mitatu hupandishwa hadi 250, na huendelea angalau mpaka atimize miaka mitano, kwa hiyo miaka mitatu ikikaribia wakumbushe kliniki wapandishe kipimo.

Kuhusu homa, nakuomba sana usimpe panadoli ukalala ukisubiri kivuko. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, au ukimgusa ukaona anachemka na huna kipimajoto, mpeleke usiku huo huo kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya pale Nansio, na ukifika tu useme kwamba ana selimundu, kwa sababu anahitaji sindano ya kuua vijidudu mapema. Safari ya Bugando, ikihitajika, ifuate baadaye. Hata kipimo kikionyesha malaria, waulize kama wameangalia na maambukizi mengine, maana yote mawili yanaweza kumpata kwa pamoja. Chandarua chenye dawa kisikosekane kitandani kwake.

Mpe maji mara kwa mara bila kungoja aombe, na usimwogeshe ziwani alfajiri wakati upepo ni mkali, kwa kuwa baridi na kukaukiwa maji huamsha maumivu ya mifupa. Kliniki ijayo uliza pia juu ya haidroksiyurea, dawa inayopunguza maumivu hayo kwa watoto wengi.

Liko jambo moja ambalo ningependa kila mzazi wa kisiwani alijue, nalo ni kuipapasa bandama. Mlaze chali mtoto akiwa ametulia, kisha uweke vidole chini ya mbavu za kushoto na kubonyeza taratibu anapovuta pumzi. Muuguzi akuonyeshe ilipo sasa, ili uitambue ikikua. Ikivimba ghafla huku midomo na viganja vimekuwa vyeupe na mtoto amelegea, damu inajikusanya humo, na hapo hakuna kusubiri kupambazuke.

Siku ya kliniki nenda na mama mkwe wako. Mwombe muuguzi aushike mkono wake na kuuweka hapo penye bandama ya mjukuu wake, amweleze yeye mwenyewe.