Shafti ya pawatila kuliwa na beringi za sindano

Ndugu yangu, usibadilishe beringi tena. Umesema shafti ya kiwandani ilidumu miaka, fundi akakukerezea nyingine kwa chuma laini, na ndani ya wiki tatu imechimbika mifereji. Tatizo ni chuma.

Beringi ya sindano, yaani yenye rola nyembamba kama sindano, ikiwa haina ringi ya ndani huigeuza shafti kuwa ringi hiyo: rola hubiringika juu yake moja kwa moja. Rola hugusa ukanda mwembamba kama uzi, na mzigo mzito unaweza kupandisha presha hapo hadi megapaskali 1,500 na zaidi, ilhali chuma laini kikivutwa husalimu amri kwenye 250 hivi. Ndiyo maana ugumu unaotakiwa ni 58 hadi 64 kwa kipimo cha Rockwell C.

Wazo lako la kupaka kromu silishauri. Mkazo mkubwa zaidi hauko juu kabisa, uko chini kidogo ya uso, kwa hiyo kromu hiyo itakuwa ganda la yai juu ya uji.

Kakereze upya kwa chuma cha kugumishwa ngozi (tabaka la nje tu hugumishwa, kwenye tanuri), mfano daraja la 8620 au 20MnCr5, uache nafasi ya kusaga kwa jiwe baadaye, kwani tanuri hupindisha. Uso uwe nyororo hadi Ra 0.2 hivi (kipimo cha mikwaruzo ya uso, kwa mikromita), tashi ya mashine ya kukereza haitoshi. Ukiletewa, jaribu pembeni kwa tupa mpya: ikishika, shafti bado ni laini, irudishe.

Hakuna tanuri karibu? Punguza kipenyo, uvalishe ringi ya ndani ya dukani, ila hakikisha kwanza shafti iliyobaki bado itahimili.