Haleluya, Hare Krishna na sijida ya Mohamed Salah: majibu ya maswali yenu

Barua nyingi safari hii zinahusu dini inapokutana na muziki, filamu na mpira. Nimejibu sita.

Shikamoo. Mimi ni Mkristo wa miaka 19. Kuna wimbo wa George Harrison ninaoupenda tangu utotoni. Juzi ndiyo nimegundua kwamba waitikiaji wanaanza na "Haleluya" kisha wanaingia "Hare Krishna". Je, nimekuwa nikiabudu mungu mwingine bila kujua?

Marahaba, mwanangu. Wimbo huo, *My Sweet Lord*, ulitoka mwaka 1970, na hukusikia vibaya. Harrison, mwanamuziki Mwingereza wa kundi la Beatles, alilelewa Mkatoliki, ukubwani akavutwa na imani ya Kihindu. Alipanga makusudi msikilizaji azoee kwanza neno analolijua, na akiwa keshazama ndipo waitikiaji wahamie kwenye jina la Krishna, mungu wa Wahindu. Kwake yeye maneno hayo mawili yalikuwa yanasema jambo moja.

Hapo ndipo pa kutulia. Haleluya ni Kiebrania, maana yake "msifuni Mungu". Hare Krishna ni mwito wa jina la Krishna, na wenye imani hiyo huurudia kama sala. Harrison aliona ni kitu kimoja, lakini wapo Wakristo wengi, na Wahindu pia, wasiokubaliana naye. Ibada inataka nia, na wewe hukuwa nayo, kwa hiyo usijitie hofu. Sasa umeshajua, basi sikiliza kwa adabu, na pale usipoweza kutamka kwa moyo wako, nyamaza. Mimi hufanya hivyo kwenye misiba ya majirani wa dini nyingine. Wakisimama nasimama, wakiomba naomba kimya kimya kwa namna yangu. Ule unyamavu nimeuona ukiheshimiwa kuliko kuitikia maneno nisiyoyaamini.

Vijana wa kanisa letu wanataka kuwaalika wenzao wa msikitini waangalie pamoja filamu ya Nabii Musa, maana ni wa wote. Wazo zuri?

Nia ni nzuri, ila ulizeni kwanza. Nami niliwahi kufikiri kama nyinyi. Nilimkaribisha rafiki yangu Mwislamu tuangalie *The Prince of Egypt*, katuni ya mwaka 1998. Nilikuwa na hakika atafurahi, kwa kuwa Musa ndiye anayetajwa kwa jina mara nyingi kuliko nabii mwingine yeyote katika Kurani. Sura ya Musa ilipojaa kioo, mwenzangu aliinamisha macho. Akaweka kikombe chake chini taratibu, akaniambia anatoka nje kupunga upepo. Hakunilaumu. Mimi ndiye niliyebaki nimekaa na aibu yangu, kwa sababu lilikuwa swali la nusu dakika, na sikuliuliza.

Wanazuoni wengi wa Kiislamu hawakubali manabii waigizwe wala wachorwe. Watengenezaji wa filamu ile walitafuta ushauri wa viongozi na wataalamu wengi wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu, na bado ilipigwa marufuku Malaysia na Maldivi. Kushirikiana nabii si kushirikiana namna ya kumheshimu. Badala ya filamu, kila upande usome kisa cha Musa kutoka kitabu chake, kwa sauti, mwingine akisikiliza. Tangu miaka ya 1990 wako Wayahudi, Wakristo na Waislamu wanaokaa meza moja kufanya hivyo hivyo, na mazungumzo yake huwa marefu.

Eti mchezaji mpira anaweza kubadilisha watu wanavyoiona dini? Au ni maneno ya mashabiki?

Anaweza, na limepimwa. Mohamed Salah alijiunga na Liverpool mwaka 2017, na kila akifunga alikuwa akisujudu mbele ya uwanja mzima. Watafiti walichunguza takwimu za polisi za uhalifu wa chuki eneo la Merseyside, uliko mji wa Liverpool, wakakuta umepungua kwa asilimia 16 ukilinganisha na ilivyotarajiwa kama asingekuja. Mashabiki wa Liverpool nao waliandika twiti za kuwachukia Waislamu kwa kiasi cha nusu tu ya ambavyo wangeandika.

Nilipousoma utafiti huo nilifurahi sana, kisha nikaingiwa na wasiwasi. Salah anapendwa kwa sababu anafunga. Mwislamu wa kawaida, muuguzi au dereva wa basi, hana goli la kuonyesha, naye anastahili kuishi salama vile vile. Mpira umefungua mlango. Anayeingia ni yule shabiki atakayemsalimia jirani yake Mwislamu siku timu imefungwa.

Mchungaji wetu anasema mazungumzo ya dini ni njama ya kuzichanganya ziwe moja. Kweli?

Hapana. Papa Yohane Paulo II alipowaita viongozi wa dini mbalimbali Assisi, mji wa Italia, Oktoba 27, 1986, hawakuunda sala moja ya wote. Kila dini iliomba kwa maneno yake.

Binti yangu anavaa rozari kama mkufu, sisi si Wakatoliki. Nimkataze?

Mweleze kwanza kwamba kila punje pale ni sala ya mtu. Akishaelewa, naamini ataivua mwenyewe.

Napenda video fupi za midahalo ya dini mtandaoni. Nilimtumia rafiki yangu mmoja iliyoimaliza hoja ya dini yake. Wiki tatu sasa hanijibu. Nimekosea wapi?

Video zile hukatwa pale mmoja anapokwama. Jibu lake la dakika tano baadaye hulioni. Umemtumia rafiki yako picha ya mtu wa dini yake akidhalilishwa, ukategemea akushukuru.

Mwaka 1985, Krister Stendahl, askofu wa Kilutheri wa Stockholm, Uswidi, alikuta watu wakipinga Wamormoni, waumini wa kanisa lililoanzia Marekani, kujenga hekalu. Aliwapa mambo matatu. Ukitaka kuijua dini, waulize wenye nayo, si maadui zao. Usilinganishe mazuri yako na mabaya yao. La tatu ndilo ninalolipenda zaidi: acha nafasi ya "wivu mtakatifu", yaani uone kwao kitu kizuri ambacho ungetamani kiwe chako. Mimi, kwa mfano, nawaonea Waislamu wivu wa kuacha kila kitu mara tano kwa siku, hata kazi ikiwa imenoga.

Umevunja yote matatu kwa video moja, lakini urafiki wa kweli hurekebishika. Usimwandikie, mpigie simu. Omba radhi bila kuweka "lakini". Akikupokea, muulize ni sala gani aliyofundishwa akiwa mdogo na bado anaisali, kisha mwache aongee mpaka amalize.