Mmisionari wa Kiswahili anapohamia Lubumbashi: shule kwanza, mimbari baadaye

Familia zinazotumwa Lubumbashi, mji wa kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), na makanisa ya Tanzania na Kenya huja na faraja moja inayowaponza: kule nako wanasema Kiswahili. Ni kweli wanasema, na Jumapili ya pili tu baba anaweza kupewa mimbari na waumini wakamwelewa. Lakini Kiswahili hakimvushi mtoto mtihani wa Kifaransa, hakipunguzi garanti (amana anayoshika mwenye nyumba), wala hakiongezi siku kwenye viza. Wengi wanaokwama hapa hukwama kwenye hayo matatu, si kwenye mahubiri.

Kwa hiyo tarehe ya safari ipangwe na kalenda ya shule, si na kalenda ya kanisa. Mwaka wa shule wa Kongo huanza Septemba na kwisha mwanzoni mwa Julai. Anayekuja Januari kwa sababu ndivyo shule za kwao zinavyoanza, anamtumbukiza mtoto katikati ya mwaka, na mwalimu mwenye darasa lililofurika hana muda wa kurudi nyuma kwa ajili yake. Njooni mwishoni mwa Juni. Mtapata kama miezi miwili ya kumwekea mtoto mwalimu wa Kifaransa nyumbani, saa moja na nusu kwa siku, siku tano kwa wiki.

Mwalimu huyo asianze na salamu na majina ya matunda. Aanze na imla na mwandiko wa kuunganisha herufi, maana daftari la mtoto hutazamwa kwa hayo kabla ya kitu kingine. Kisha hesabu. Aliyezoea kuandika 3.5 sasa ataandika 3,5. Kugawanya nako kunapangwa vingine: namba inayogawa hukaa kulia kwa namba inayogawanywa, na jibu huandikwa chini yake. Mtoto hodari anaweza kuambulia sifuri kwa sababu ya mpangilio tu, wazazi wakadhani akili imemruka.

Mkishauriwa ashuke darasa moja, kubalini. Msingi ni miaka sita na mwisho wake kuna mtihani wa taifa. Kumwingiza mtoto mwaka wa sita akiwa na Kifaransa cha miezi miwili ni kumwonea. Shule za msingi za umma, zikiwemo nyingi zinazosimamiwa na makanisa, hazitozi karo tangu 2019, na ndiyo sababu madarasa yamejaa. Za binafsi hutoza kwa dola. Kabla ya kulipa, ulizeni kama bei hiyo ina sare, usafiri na gharama za mitihani ndani yake, na jibu liandikwe.

Halafu nyumba. Mtaipata kupitia komisioneri, yaani dalali, ambaye kwa kawaida huchukua kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Garanti ndiyo inayouma. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inataka isizidi miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi, ila wenye nyumba wengi huomba sita na kuendelea. Itajeni sheria kwa upole. Huenda mkapunguziwa, lakini bajeti isiitegemee. Mkataba uandike kiasi cha garanti, aina ya fedha iliyotolewa, na jinsi itakavyorudi. Mara nyingi hairudi mkononi: mpangaji hukaa miezi ya mwisho bila kulipa mpaka iishe. Ni utaratibu mzuri tu, mradi umekubaliwa mapema.

Kabla ya kusaini, nendeni kwenye nyumba saa kumi na mbili asubuhi, kisha jioni, mfungue bomba. Msimuulize mwenye nyumba kuhusu maji, muulizeni jirani. Kama kuna kisima, kipimeni kwa hatua kutoka vyoo vyote vya karibu, hata cha jirani. Chini ya mita 30 ni shida. Maji ya kunywa yachemsheni, au tieni matone mawili ya javeli (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) ya asilimia 5 kwa kila lita na kusubiri nusu saa. Maji yenye tope yachujeni kwa kitambaa kwanza, kisha matone yawe manne.

Jambo moja ambalo dalali hatalisema: huu ni mji wa shaba. Utafiti wa watafiti wa Lubumbashi na Leuven (Ubelgiji), uliochapishwa 2009, uliwakuta watu wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodini na viwanda vya kuyeyusha madini wakiwa na kiwango kikubwa cha kobalti na metali nyingine kwenye mkojo, na watoto wakiwa wameathirika zaidi. Mwenye watoto wadogo atafute mbali na viwanda hivyo, hata kama kodi ni nafuu. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa pakavu, na mikono ioshwe kabla ya kula, maana vumbi hilo mtoto hulimeza kwa vidole.

Umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Friji bila stabilaiza haimalizi mwaka. Kwa sola pigeni hesabu kabla ya kununua. Taa nne za wati 5 kwa saa sita ni wati-saa 120. Kompyuta ya wati 50 kwa saa nne ni 200. Simu nne na kifaa cha intaneti, wekeni 140. Jumla wati-saa 460 kwa siku. Paneli ya wati 200 inatosha, pamoja na betri ya lithiamu ya Ah 100. Betri ya asidi ya ukubwa huohuo huacha akiba ndogo, kwa sababu ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Watu hununua ya asidi kwa kuwa ni rahisi, kisha hununua tena.

Mkija Juni mtakuta baridi. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai nyuzi hushuka chini ya 10. Lete masweta, na tafadhali msiingize mbabula (jiko) ya makala, yaani makaa, chumbani mkafunga madirisha. Makala yaliyoshika vizuri hayatoi moshi, ndiyo maana watu huyaamini. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu, na mtu hulala asiamke.

Mengine kwa haraka. Magari hupita kulia, kwa hiyo watoto wajifunze kutazama kushoto kwanza. Bendera ikipandishwa au kushushwa, simameni mpaka iishe. Dola yenye mchaniko hata wa milimita mbili hukataliwa, zikaguliwe moja moja mbele ya anayewapa. Bunga nyingi ya bukari, yaani unga wa ugali, hutoka Zambia. Ikifunga mauzo ya nje, bei ya mfuko wa kilo 25 hupaa, kwa hiyo wekeni mfuko mmoja wa akiba, si sita, maana wadudu nao wanakula. Miadi itajeni kwa saa za Kifaransa, «quatorze heures» (saa nane mchana), mtaelewana.

Makaratasi yapewe mtu mmoja. Kadi ya homa ya manjano, chanjo ikiwa imechomwa siku 10 kabla ya kuingia; barua ya kanisa linalowapokea, lenye utu wa kisheria, yaani linalotambuliwa na serikali, na linalokubali kuwabeba; kisha viza ya makazi kwa DGM, idara ya uhamiaji. Kuingia kwa ruhusa ya matembezi na kuanza kazi ni kosa hata kama hakuna aliyewauliza. Anzeni kuihuisha viza miezi miwili kabla ya mwisho wake.

Na sasa mama. Baba hukabidhiwa kazi siku anayofika. Mkewe hukabidhiwa jina la Mama Pasta na matarajio yasiyoandikwa popote. Atatarajiwa kwenye kilio kila wanapofiwa, akae chini mkekani na wamama wengine, atoe mchango. Atatarajiwa kununua kitenge cha sare ya kikundi cha wamama, mara kadhaa kwa mwaka. Hivyo viwili viwe na fungu lake katika bajeti ya kanisa linalotuma, visitoke kwenye pesa ya mboga. Wanaokuja mlangoni kuomba ada na dawa nao wapitie kwa mashemasi wanaowafahamu; mgeni hawezi kujua nani ana shida na nani amesikia tu kuna mgeni.

Kifaransa chake pia kilipiwe. Masomo ya jioni mjini hayamfai mwenye mtoto wa miaka miwili, na ndiyo maana baada ya mwaka utakuta baba anasoma mikataba na mama anamtuma mtoto amsemee kwa daktari. Mwalimu aje nyumbani mchana, saa mtoto anapolala, na masomo ya kwanza yawe ya zahanati: homa, kipimo, dozi, mara ngapi kwa siku.