Wasomaji Wanauliza: Mtandao, Mfumo au Mnyororo?

SWALI: Ninaandika ripoti ya mradi wa maji. Msimamizi amenirudishia akisema neno "mtandao" limejaa kila ukurasa. Naomba visawe vyake.
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Kabla ya visawe, jiulize: sehemu moja ikikatika, nini kinatokea?

Ikiwa vyote vinavyoifuata vinasimama, huo ni mnyororo. Mkulima humuuzia mnunuzi, mnunuzi hupeleka kiwandani, kiwanda hulisha duka. Kiwanda kikifungwa, duka halipati mzigo. Ndiyo maana tunasema mnyororo wa thamani na mnyororo wa ugavi. Ikiwa kuna njia nyingine za kuzungukia, huo ni mtandao: barabara moja ikikatwa na mafuriko, magari hupitia nyingine. Na ikiwa sehemu ni za aina mbalimbali, kila moja na kazi yake, zote zikileta tokeo moja, huo ni mfumo. Katika mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, ini haliwezi kushika kazi ya tumbo.

Chukua sentensi kama hii: "Mtandao wa maji wa mji una mtandao wa pampu, matangi na mabomba ambao umeingiliana na mtandao wa umeme." Iandike hivi: "Mfumo wa maji wa mji una pampu, matangi na mtandao wa mabomba, na unategemea gridi ya umeme." Mtandao umebaki mmoja tu, wa mabomba, kwa sababu ndiyo yanayotanda na kugawanyika mitaani.

Angalia pia kitenzi. Wengi wangeandika kwamba pampu na umeme "vinategemeana", na hapo maana inaharibika. Pampu inategemea umeme. Gridi haiitegemei pampu yako. Kutegemeana kunataka pande mbili, kama nyuki na maua. Kuathiriana na kuingiliana ni vivyo hivyo. Kufungamana kuna nguvu zaidi: vitu vilivyofungamana ni vigumu kuvitenganisha, kwa mfano bei ya mafuta na nauli. Kama unachotaka kusema ni kwamba bomba limefika kwenye tangi, "limeunganishwa" linatosha kabisa.

Utando uuache kwa buibui na kwa ile ngozi nyembamba inayoganda juu ya maziwa. "Utando wa barabara" hausemeki. Mlolongo na msururu ni vya vitu vinavyofuatana tu, hata kama havishikani: mlolongo wa matukio, msururu wa magari. Tena, siku hizi "mtandao" likisimama peke yake, msomaji anaelewa intaneti. Usiandike "mtandao umeharibika" ukimaanisha mabomba. Taja ni mtandao wa nini.

SWALI: Mfumo wenye sehemu nyingi zinazoathiriana niuite mfumo tata au mfumo changamano? Ninatafsiri makala ya sayansi.
Mfasiri, Mombasa

JIBU: Mfumo changamano. Tofauti yake inaonekana vizuri kwenye sarufi. "Mtoto aliyeanguka amepona" ni sentensi changamano: ina kishazi tegemezi ndani yake ("aliyeanguka", sehemu isiyojitosheleza peke yake), lakini maana yake iko wazi. "Ametumwa na mtoto" ni sentensi tata: huenda mtoto ndiye aliyemtuma, huenda wametumwa pamoja. Basi tata hubeba mkanganyiko, na changamano husema tu kwamba sehemu ni nyingi na zimeshikana. Mwili wa binadamu ni mfumo changamano. Utaratibu wa vibali unaomrudisha mtu dirisha lilelile mara tatu, huo uite tata bila kusita.

Vivumishi hivi havichukui kiambishi cha ngeli: mfumo changamano, mifumo changamano, mfumo tata, mifumo tata. "Mifumo michangamano" ni kosa, nasi tunalikuta mara nyingi kwenye tafsiri. Kwa viumbe pamoja na mazingira yao, andika mfumo ikolojia. Wingi wake ni mifumo ikolojia.

SWALI: Ni "wavu hii" au "wavu huu"?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Wavu huu umechanika, nyavu hizi zimechanika. Ni ngeli ya U-ZI, sawa na ukuta na kuta.