Ukipotea Bank, uliza shimo lilichimbwa na nani

Siku yangu ya kwanza kazini London nilichelewa dakika ishirini na tano, na wala si treni iliyonichelewesha. Nilishuka stesheni ya Bank mapema kabisa. Dakika zote zile nilizimalizia humo humo ndani, nikipanda na kushuka chini ya ardhi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Kazi yenyewe ilikuwa usafi wa ofisi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maelekezo niliyopewa kwa simu yalikuwa mepesi: panda treni ya Central kutoka Stratford, shuka Bank, toka Lombard Street, jengo la tatu. Niliposhuka nikafanya kosa la kila mgeni: niliwafuata watu. Nikafuata migongo yao kwenye vijia, ngazi za umeme, vijia tena, mpaka nikatokea nje mbele ya mnara mrefu wa mawe ambao sijawahi kuusikia. Nilikuwa nimetembea kutoka stesheni moja hadi nyingine bila kuuona mwanga wa jua. Msimamizi alinikata saa nzima kwa dakika zile ishirini na tano, na hilo nilikuja kumsamehe baada ya miaka.

Aliyeniokoa ni mlinzi wa usiku wa jengo lile, mzee wa Mombasa, aliyekuwa anamaliza zamu wakati mimi naanza yangu. Nilipomsimulia akacheka mpaka akavua miwani.

"Kijana, shida yako waiona Bank kama stesheni moja. Si moja. Ni mashimo ya watu mbalimbali yaliyokuja kutobolewa yakakutana. Ukitaka kuijua, uliza kila shimo lilichimbwa na nani, na lini."

Nilidhani ni maneno ya mzee aliyekesha. Baadaye niligundua hakuna ramani iliyonisaidia kuliko sentensi ile, maana ramani za ukutani zinakuonyesha rangi za njia, hazikuonyeshi kina. Simu nayo ukishafika chini haijui uko wapi.

Basi tuanzie juu. Simama kwenye makutano ya barabara, jengo la Bank of England likiwa nyuma yako, uso uelekee kusini kwenye mto Thames. Chini ya miguu yako ndipo ilipo njia ya Central. Kuliani kwako, upande wa Walbrook, ni Waterloo & City. Mbele yako kushoto barabara ya King William Street inateremka kuelekea London Bridge, na chini yake imelala Northern. Chini zaidi ya Northern ndiko kwenye DLR, treni nyepesi za kwenda mashariki ya London. Ukifika mwisho huo wa kusini, karibu na daraja, ndipo stesheni ya Monument, penye ule mnara wa mawe, zinapopita njia za District na Circle. Picha hiyo ukiishika kichwani umemaliza nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kwenda juu au chini, na hapo historia ndiyo inayosema.

Wa kwanza kufika walikuwa Monument, Oktoba 1884, na kwa wiki chache stesheni iliitwa Eastcheap kabla ya kubadilishwa jina. Wakati huo treni zilivutwa kwa mvuke, na moshi hauwezi kukaa kwenye tundu refu. Kwa hiyo walipasua mtaro barabarani, wakajenga, wakafunika, kama mafundi wanaofukia bomba la maji. Ndiyo maana mpaka leo Monument iko karibu na uso wa ardhi. Unashuka ngazi kidogo tu umeshafika kwenye treni. Ukiambiwa uende Monument nawe bado unateremka, ujue unapotea.

Kisha umeme ukaja, na mambo yakageuka. Mwaka 1890 kampuni ya City & South London ilifungua reli ya kwanza ya umeme iliyochimbwa kina kirefu, kutoka Stockwell, ikapita chini ya mto hadi kituo kilichoitwa King William Street. Mabehewa yake yalikuwa karibu hayana madirisha, kwa hoja kwamba chini kule kuna nini cha kutazama. Kituo kile kilikuwa na kona kali na mlima mkali, treni zikawa zinahangaika kupanda. Mwaka 1900 wakakitelekeza, wakachimba njia mpya na kuweka stesheni hapa Bank. Hiyo ndiyo Northern ya leo.

Hapo pakazuka ugomvi ninaoupenda sana. Kampuni ilikuwa na ruhusa ya kubomoa kanisa la St Mary Woolnoth, lililojengwa na Nicholas Hawksmoor kati ya 1716 na 1727, lipo hapo kwenye kona. Watu wakapiga kelele. Mwisho wakaelewana: kanisa libaki juu, kampuni ichukue chini. Waliozikwa chini ya kanisa wakahamishiwa makaburini Ilford, na mahali pao pakawekwa ukumbi wa kukatia tiketi. Kanisa zima likashikiliwa hewani wakati wa kuchimba. Ukitoka kwa mlango wa King William Street unatokea ubavuni mwake, na kwa miaka mingi hiyo imekuwa alama yangu: nikiliona kanisa, Lombard Street ni hapo hapo pembeni.

Miezi michache baadaye, Julai 1900, ikafunguliwa Central, nauli ni peni 2 popote uendako, watu wakaiita tyubu ya peni mbili. Ardhi ya pale ilikuwa ghali mno, kwa hiyo hawakujenga hata kibanda juu. Ukumbi wa tiketi wakauweka chini ya makutano, wakatoboa vijia kwenda kila kona ya barabara. Ile milango mingi inayotuchanganya ilianzia hapo. Mahandaki yenyewe yalifuata barabara za juu ili kukwepa kupita chini ya majengo ya watu, na barabara za City, kitovu cha kale cha London, zimepinda kama za mji mkongwe wowote. Matokeo yake platfomu ya Central imepinda mpaka ukisimama mwisho huu huuoni ule. Kati ya treni na platfomu kuna nafasi pana kweli kweli. Tangazo la kukuambia uangalie pengo, kwenye stesheni nyingine ni desturi tu. Hapa litii. Kama una mtoto, mbebe au mshike mkono kabla mlango haujafunguka.

Waterloo & City nimeiruka, nairudia, kwa sababu ndani yake kuna kitu cha kuona. Ilifunguliwa 1898, ina stesheni mbili tu, Waterloo na hapa, na wenyeji wameibandika jina la mfereji wa maji machafu. Mwaka 1987, wakati wa kuchimba DLR, wafanyakazi walikutana na pete kubwa ya chuma iliyoachwa ardhini tangu ujenzi ule. Ilikuwa ngao ya kuchimbia ya James Henry Greathead. Hawakuitoa. Waliipaka rangi nyekundu, wakakipitisha kijia katikati yake. Ukitoka Waterloo & City kwenda DLR unaipita kama unavyopita mlangoni. Maelfu wanaipita kila siku macho kwenye simu.

Kuielewa, chukua kikombe kisicho na kitako, ukisukume ndani ya ugali. Ugali wa ndani unautoa kwa kijiko, kikombe kinauzuia wa nje usianguke. Ngao ilifanya hivyo hivyo: wachimbaji wakiwa ndani wanachimba udongo wa mfinyanzi wa London, jeki zinaisukuma mbele, nyuma yao mafundi wanafunga pete za chuma moja baada ya nyingine. Bila chombo hicho mahandaki haya ya kina yasingechimbika kwa namna ile. Greathead alizaliwa Grahamstown, Afrika Kusini, mwaka 1844, akafa 1896, hakuiona Central wala mfereji huu vikifunguliwa. Sanamu yake ipo juu, Cornhill, amevaa kofia pana. Kitako cha sanamu ni kitupu ndani, ni tundu la hewa la stesheni. Mzee wa Mombasa ndiye aliyenionyesha. "Huyu tu ndiye aliyesimama juu ya kazi yake," akasema.

Kwa miaka mingi Monument na Bank hazikuunganika. Ngazi za umeme za kuziunganisha zilifunguliwa 1933, na njia ile ndiyo niliyoifuata mimi bila kujua. Kwa hiyo ushauri wa kwanza: ramani ikikuonyesha Bank na Monument zimeshikana, usisome kwamba ziko pamoja. Ni mwendo. Na ukibadilisha treni usitoke nje ya mageti, kila kitu kinapitika ndani kwa ndani.

Usiku wa tarehe 11 Januari 1941 bomu la Wajerumani lilitoboa barabara likalipukia kwenye ukumbi wa tiketi. Watu zaidi ya 50 walikufa, wengine walikuwa wamejificha humo wakiamini ni salama. Shimo lilikuwa kubwa kiasi kwamba jeshi lilijenga daraja la muda juu yake ili magari yapite. Naliandika kwa sababu kila nikikaa kwenye ukumbi ule kusubiri mtu huwa nakumbuka kwamba dari ile si ya 1900.

DLR iliingia 1991, ikakuta nafasi zote zimechukuliwa. Ikabidi ipite chini ya wote, takriban mita 41 kutoka juu. Mimi naishi Woolwich, kwa hiyo ndiyo treni yangu, na inanibidi nihesabu muda wa kushuka kama sehemu ya safari. Ukiwa na haraka, usijidanganye kwamba ukishaingia mlangoni umeshafika.

Mabadiliko makubwa ya karibuni ni ya Northern. Waliifunga kuanzia Januari hadi Mei 2022, wakaunganisha handaki jipya la treni za kwenda kusini, na platfomu ya zamani ya upande huo wakaigeuza kuwa ukumbi mpana wa kupita. Mlango mpya wa Cannon Street ukafunguliwa Februari 2023. Palipokuwa na msongamano wa kukanyagana sasa pana hewa, na kuna mikanda inayotembea ya kukupeleka upande wa Central. Kwa hiyo mtu akikuelekeza kwa kumbukumbu za kabla ya 2022, mshukuru, lakini usimfuate.

Mwenye kigari cha mtoto, mzigo mkubwa au magoti yanayouma aingilie Cannon Street. Pale kuna lifti za Northern na DLR. Kwa Waterloo & City kuna lifti upande wa Walbrook. Central bado ni ngazi, na hilo hakuna njia ya kulizunguka. Mama yangu alipokuja kutembea nilimzungusha kwa basi badala ya kumpandisha zile ngazi.

Kwa wanaokaa mashariki, Barking, East Ham na huko, nawaona wengi wanapanda District mpaka Monument halafu wanatembea mwendo wote ule kwenda Central. Shukeni Mile End. Pale District na Central zinatazamana kwenye platfomu moja, unavuka hatua chache tu. Nimewaambia watu hili msikitini, kwenye harusi, na kwenye foleni ya kinyozi, na bado nakutana nao Monument wakihema.

Kuhusu kutoka: amua jina la barabara unayoitaka ukiwa bado ndani ya treni. Ukishuka, soma vibao vya barabara, usifuate watu. Ukikosea mlango, usirudi chini kutafuta mwingine. Panda juu, tafuta Bank of England, simama kama nilivyosema mwanzo, halafu vuka barabara kwa miguu. Ni haraka zaidi. Asubuhi kati ya saa mbili na saa tatu usithubutu kusimama katikati ya kijia kusoma kibao, jibanze ukutani. Kwenye ngazi za umeme simama kulia. Na Jumamosi na Jumapili usiitegemee Waterloo & City, haitembei.

Mdogo wangu alipofika mwaka jana nikaamua nisimsumbue na milango. Nikamwambia apande juu kwa mlango wowote, aulize Cornhill, anisubiri kwa sanamu ya mzee mwenye kofia. Nikafika kwa wakati, sanamu ipo, yeye hayupo. Simu ikalia.

"Kaka, nimeshafika siku nyingi. Lakini mzee mwenyewe hana kofia, na amepanda farasi."

Kumbe alikuwa mbele ya jengo la Royal Exchange, kwenye kona tu, chini ya sanamu ya Duke of Wellington. Nikamwambia asisogee hata hatua moja.