Jibu: Rebecca Gratz wa Philadelphia

Ndugu, umeuliza kama yupo mwanamke wa Kiyahudi aliyejitolea kuitumikia jamii maisha yake yote, wala si kwa msimu mmoja tu. Mimi namtaja Rebecca Gratz wa Philadelphia, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1781 na kufariki mwaka 1869.

Mwaka 1801, akiwa kijana wa miaka 20, alishirikiana na mama yake na wanawake wengine, Wayahudi kwa Wakristo, kuanzisha chama cha kuwasaidia wanawake na watoto walioangukia katika ufukara. Baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa makao ya yatima ya mji huo, akawa katibu wake kwa takriban miaka 40. Na kazi ya katibu, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kuendesha chama, ndiyo inayokibeba chama chenyewe. Hakuolewa, lakini dada yake Rachel alipofariki mwaka 1823, aliwachukua watoto wa marehemu akawalea.

Linalonigusa zaidi ni shule ya Jumapili aliyoifungua mwaka 1838 kwa ajili ya watoto wa Kiyahudi, ambayo walimu wake walikuwa wanawake waliojitolea. Vitabu vya dini yao vilivyowafaa watoto, tena kwa Kiingereza, vilikuwa haba mno, hivyo walitumia vya Kikristo na kubandika karatasi juu ya mafungu yasiyolingana na imani yao. Aliiongoza shule hiyo hadi alipopita umri wa miaka 80.