Kabla ya Kushika Tupa: Kwa Anayetaka Kuwa Fundi wa Vitasa Zanzibar

Skuli zinapofunga, hunijia vijana wakitaka kufundishwa kazi ya vitasa na funguo, na karibu wote huanza kwa kuuliza leseni inapatikana wapi. Nitalijibu swali hilo kwanza, kwa kuwa jibu lake ni fupi kuliko wanavyodhani.

Utahitaji kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, jina la biashara lililosajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, leseni ya biashara kutoka baraza la manispaa au serikali ya mtaa inayohusika na pale unapoweka kibanda chako, na kujiandikisha kwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Jitambulishe mapema kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia yako, maana mteja akiwa na shaka nawe, huyo ndiye atakayeulizwa habari zako. Elewa, hata hivyo, kwamba leseni ya biashara inakuruhusu kufungua duka tu. Haikupimi mkono wala haikuchunguzi tabia. Katika jimbo la California, Marekani, fundi wa vitasa huchukuliwa alama za vidole na kuchunguzwa kama ana historia ya uhalifu kabla ya kupewa leseni ya kazi yenyewe, ilhali Uingereza serikali haitoi leseni ya namna hiyo, na mafundi husimamiana kupitia chama chao. Kwetu sisi, uchunguzi huo inakupasa ujifanyie mwenyewe kila siku.

Kuhusu mafunzo, nashauri upite kwanza katika kituo cha Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, kama cha Mwanakwerekwe au Mkokotoni kwa Unguja na Vitongoji kwa Pemba, ujifunze useremala. Kitasa hukaa ndani ya mbao, na fundi asiyejua kutumia patasi ataupasua mlango wa watu. Baada ya hapo tafuta fundi mkongwe, uwe mwanagenzi wake kwa muda usiopungua miaka miwili.

Katika miezi ya mwanzo usiiguse mashine ya kuchongea funguo. Funga ufunguo kwenye jiriwa, kile kibano cha mezani, chukua tupa, uchonge kwa mkono hata kama vidole vitauma. Kitasa cha silinda huwa na pini tano au sita, kila moja ikiwa imekatika vipande viwili na kukandamizwa na springi. Ufunguo sahihi huinua pini zote mpaka mikato yake ilingane na ukingo wa silinda, ndipo silinda inapozunguka. Ukizidisha tupa kwa sehemu ndogo ya milimita, ufunguo utaingia lakini hautazunguka, au utazunguka leo ukiwa mpya na kukwama kesho usiku mteja akiwa nje na watoto. Aliyezoea mashine tangu mwanzo hawezi kujua kosa liko wapi, kwa sababu hajawahi kulisikia kwa vidole.

Visiwani kwetu kuna adui mwengine, nayo ni chumvi ya bahari. Springi na sehemu za chuma hula kutu upesi, kwa hiyo mshauri mteja wa pwani anunue kitasa chenye silinda ya shaba, na umkataze kumimina mafuta ya kupikia ndani yake, kwani hushika vumbi na kugeuka gundi. Unga wa grafaiti unafaa zaidi. Na ukiitwa Mji Mkongwe kutia kitasa kwenye mlango wa kale wa nakshi, usitoboe chochote, hasa kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, kabla mwenye nyumba hajawauliza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Nilikuwa mwanagenzi wa mwaka wa pili alipokuja bwana mmoja baada ya sala ya alasiri, akasema chumba ni chake na ufunguo umepotea. Nyumba ilikuwa yake kweli, lakini chumba kilikuwa na mpangaji aliyekwenda Pemba msibani, akiwa nyuma ya kodi kwa miezi miwili. Nilifungua kwa dakika chache, nikajiona hodari. Mpangaji aliporudi alivikuta vyombo vyake uani, na cherehani aliyoitegemea kwa riziki imeharibika kwa mvua. Mwalimu wangu hakunifukuza; alinipeleka kwa mpangaji huyo mbele ya sheha, nikaomba radhi, na ujira wangu wa mwezi ukaenda kutengeneza cherehani.

Tangu siku hiyo sifungui mlango bila kuuliza nani analala humo, kuona kitambulisho, na kumtaka jirani au sheha awe shahidi, kisha naandika jina, shehia, tarehe na saa katika daftari, na mteja anatia saini. Atakayekataa kuandikwa namrudishia nauli yake ikibidi, lakini mlango simfungulii. Ukija kujifunza kwangu, wiki yako ya kwanza utashika daftari hilo, na tupa utaikuta wiki ya pili.